Mwongozo kamili: wiki tano za kushindana na nafsi yako badala ya kumtazama jirani

Tangu nianze kuwafundisha akina dada wa mtaani kwetu Makorora, hapa Tanga, kupika vitumbua vya kuuza, malalamiko ni yaleyale. Mtu anakuja baada ya wiki tatu, ameshika tama: "Dada, nilikubali kushindana na nafsi yangu kama ulivyosema. Nimeshindwa. Nikimwona fulani kaongeza meza, moyo unaniuma vilevile."

Nimewauliza wote walifanya nini hasa katika wiki hizo tatu, na wote wamekwama mahali pamoja. Walikata shauri moyoni, basi. Hakuna aliyeandika kitu.

Jirani unamwona kila asubuhi. Unaiona meza yake, wateja wake na khanga yake mpya. Wewe wa mwezi uliopita yuko wapi? Huna hesabu yake hata moja. Utashindanaje na mtu usiyemwona? Macho yatarudi kwa jirani tu, maana ndiye peke yake aliyebaki uwanjani.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba mtu anapokosa kipimo cha wazi cha kupimia uwezo wake, hujipima kwa watu wengine. Ndiyo maana kujikemea hakusaidii. Kinachosaidia ni kipimo, na mwongozo huu ni wa kukitengeneza. Mifano mingi ni ya vitumbua kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua kwa mikono yangu.

## Mahitaji

Daftari moja la karatasi. La kurasa 48 linatosha. Usiandike kwenye simu. Simu ndimo picha za harusi, vibanda na safari za wenzako zilimo, na utafungua kuandika nambari moja ujikute dakika ishirini baadaye unaangalia mambo ya watu.

Kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari. Wengi wameacha siku ya tatu au ya nne kwa sababu kalamu ilichukuliwa na mtoto wa shule.

Kipimo kisichobadilika. Kikombe kilekile, ndoo ileile, saa ileile, njia ileile. Leo ukipima mchele kwa kopo na kesho kwa bakuli, daftari lako litakudanganya.

Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo. Sababu utaiona hatua ya tano.

Shahidi mmoja. Awe mtu anayekutakia heri na asiyefanya kazi kama yako. Kama unauza vitumbua, asiwe muuza vitumbua. Wangu ni shangazi yangu, ambaye hajui kusoma vizuri lakini nambari anazijua sana.

Dakika tano kila siku, saa ileile. Mimi huandika baada ya kuosha chuma cha vitumbua, kabla sijakaa chini.

## Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja ambacho mkono wako unakitawala

Hapa ndipo wengi wanapojifungia mlango mapema. Wanachagua mauzo. Mauzo hayako mikononi mwako peke yako: mvua ikinyesha, mshahara ukichelewa, shule zikifungwa, yanashuka hata kama umepika vizuri kuliko jana. Ukishindana kwa kitu usichokitawala utajiona mjinga bila kosa.

Chagua kitu kinachotoka mkononi mwako. Mimi nilichagua idadi ya vitumbua vinavyoharibika kwa kila kilo mbili za mchele. Kabla ya kuanza niliandika ukurasa wa kwanza maana ya "kuharibika": kilichoungua, kilichopasuka wakati wa kugeuza, na kilichobaki kibichi katikati. Maana hii andika mapema. Usipoiandika, siku mbaya utasema "hiki hakijaungua sana" na kukipitisha.

Kwa kazi nyingine: fundi cherehani ahesabu nguo zilizorudishwa kurekebishwa. Mwanafunzi achukue mtihani uliopita wa somo moja, aufanye kwa saa, ahesabu maswali aliyoyapata bila kufungua kitabu. Bodaboda aandike lita za mafuta kwa kila shilingi 10,000 aliyoingiza. Anayekimbia asubuhi Raskazoni ajipime muda kwa njia ileile, kuanzia mti uleule hadi geti lilelile.

Onyo: kitu kimoja. Nimewaona walioanza na vitano, na daftari likawa mzigo kabla ya Ijumaa.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kumweleza mtoto wa miaka kumi unachohesabu, naye akahesabu akapata nambari ileile.

## Hatua ya 2: Siku saba za kuandika bila kujirekebisha

Kwa siku saba za kazi, fanya kama ulivyozoea. Andika tarehe, nambari, na maneno machache ya hali ilivyokuwa: "mkaa mbichi", "nilichelewa kuamka", "mgonjwa nyumbani". Usijaribu kuboresha chochote.

Najua ni vigumu. Ukiona nambari mbaya siku ya pili, mkono unawasha kurekebisha. Vumilia. Wiki hii unamchora mpinzani wako. Ukimpamba sasa, utakuja kushindana na mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Na usifiche siku mbaya. Siku yangu ya tano ilikuwa vitumbua 22. Mvua ilikuwa imelowesha mkaa, chuma hakikupata moto sawasawa, vikang'ang'ania vyote. Nilitamani kuichana karatasi. Leo nashukuru sikuichana, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuweka mkaa wa akiba ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Umefanikiwa ukiona: nambari saba, zote za kweli, hata zile zinazokuudhi.

## Hatua ya 3: Tafuta nambari yako ya kati

Zangu zilikuwa hizi: 9, 14, 11, 8, 22, 10, 12.

Zipange kutoka ndogo hadi kubwa: 8, 9, 10, 11, 12, 14, 22. Sasa hesabu hadi ya nne. Ni 11. Tatu ziko chini yake, tatu juu yake. Huyo ndiye mpinzani wako.

Kwa nini nisijumlishe na kugawa kwa saba? Kwa sababu jumla ni 86, na ukigawa unapata 12 na ushei. Siku moja ya mkaa mbichi imeivuta hesabu yote juu. Nambari ya kati haiyumbishwi na siku moja ya balaa, wala na siku moja ya bahati. Na hii ya bahati ndiyo hatari zaidi: mtu akijilinganisha na siku yake bora kuliko zote, atashindwa siku sita kati ya saba, aache.

Iandike 11 hiyo kubwa, katikati ya ukurasa mpya. Mwonyeshe shahidi wako.

## Hatua ya 4: Wiki ya pili hadi ya tano, badilisha jambo moja tu kwa wiki

Lengo la wiki liwe moja ya kumi bora kuliko nambari yako ya kati. Kwangu, kutoka 11 ilikuwa 10. Watu hunikatalia: "Kimoja tu, dada?" Ndiyo, kimoja. Ukiweka lengo la kufika 2, utafika kwa siku moja kwa kuwa umekodoa macho kwenye chuma saa nzima, na kesho yake umechoka.

Sheria ya hatua hii ni kubadilisha jambo moja kwa wiki. Ukibadilisha mawili, mambo yakienda vizuri hutajua lipi limesaidia, na yakiharibika hutajua lipi limeharibu.

Nakuonyesha daftari langu lilivyokwenda.

Wiki ya pili niliacha kukisia uji wa vitumbua kama umeumuka. Nilichora alama mbili nje ya ndoo, moja pale uji unapoanzia, nyingine pale unapofika ukiwa tayari. Zamani nilikuwa nahesabu saa, lakini saa hazisemi kweli: msimu wa kusi, Juni na Julai, kuna ubaridi na hamira inakwenda polepole, wakati Januari joto linaipandisha haraka mpaka uji unachachuka. Alama ya ndoo inasema kweli majira yote. Nambari ya kati ikashuka kuwa 9.

Wiki ya tatu nilipunguza mafuta kwenye vishimo vya chuma ili niokoe gharama. Nambari ikapanda, 10. Vitumbua vilishika chini, nikavipasua wakati wa kuvigeuza. Nikarudisha mafuta. Wiki hiyo sikuipoteza, kwa maana sasa najua kwa hakika kitu ambacho kabla yake nilikuwa nakibishania tu.

Wiki ya nne nilianza kumimina kwa upawa mmoja, uleule, badala ya kikombe chochote kilicho karibu. Vitumbua vikawa na ukubwa mmoja, vikaiva pamoja. Nikapata 7.

Wiki ya tano sikubadilisha kitu. Nilirudia tu. Nikapata 6.

Kutoka 11 hadi 6 ni vitumbua vitano kwa siku. Mimi nauza shilingi 200 kimoja, kwa hiyo ni shilingi 1,000 kila siku iliyokuwa ikienda kwa kuku. Kwa siku 26 za kazi ni 26,000, bila mteja mpya hata mmoja, bila mkopo, bila kibanda kipya.

Onyo: wiki ikiwa mbaya, usibadilishe kipimo. Badilisha njia. Anayebadilisha kipimo kila anaposhindwa yuko palepale, ila sasa hana hata namna ya kujua.

Umefanikiwa ukiona: mwisho wa wiki unaweza kusema sentensi moja: "Nilibadilisha hiki, nambari ikawa hivi."

## Hatua ya 5: Linganisha siku na pacha wake

Jambo hili watu wa pwani tunalijua tangu utotoni, ila hatulitumii tunapojipima wenyewe.

Muulize mchokoaji pweza wa Tongoni kama atalinganisha mawindo ya bamvua na ya maji mafu. Atakushangaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hutoka mbali, miamba inabaki wazi, na mtu anatembea na mchokoo wake mpaka mashimo ambayo siku nyingine yamefunikwa. Maji mafu, yanayotoka kidogo tu, yanamnyima nafasi hiyo. Wiki hii pweza wanane na wiki ijayo watatu haina maana amekuwa mvivu. Bamvua hulinganishwa na bamvua, na kati ya moja na nyingine kuna siku kama 14 au 15.

Kazi yako nayo ina bamvua na maji mafu yake. Kwangu mimi Ijumaa si sawa na Jumatatu. Tarehe 28 si sawa na tarehe 15. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si sawa na kaskazi. Ramadhani ndiyo kabisa: saa za kupika zinahama kutoka alfajiri kwenda alasiri, watu wanataka vya futari, na huwezi kuonja uji kujua sukari.

Kwa hiyo ulinganishe mwezi wa Ramadhani na Ramadhani iliyopita, usiulinganishe na mwezi uliotangulia. Na kumbuka Ramadhani huwahi kuingia kwa siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka, ndiyo sababu nilitaka kalenda yenye mwezi mwandamo. Ukifungua ukurasa wa tarehe ileile ya mwaka jana hutaipata.

Wenye watoto wachanga, wenye wagonjwa, waliofiwa: tia alama ya nyota kwenye siku hizo. Usizifute, lakini usizilinganishe na siku za afya.

## Hatua ya 6: Cha kufanya jirani anapokuingia machoni

Ataingia. Daftari halikupofushi.

Mimi niliingia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa ajili ya kibanda cha vioo, kwa sababu mwenzangu wa ng'ambo ya barabara alikuwa nacho. Niliyahangaikia marejesho ya kila wiki kwa miezi minane. Baadaye sana, tukiwa msibani, nilimuuliza alikipataje. Akaniambia, "Mdogo wangu, kile kibanda kaninunulia mwanangu wa baharini. Mimi mwenyewe nisingekiweza." Miezi minane nimeshindana na mshahara wa baharia.

Tangu siku hiyo nina ukurasa wa nyuma ya daftari. Jirani akiniuma rohoni naandika mambo mawili, nafunga.

La kwanza: ninachokiona. "Ana foleni saa kumi na mbili asubuhi."

La pili: swali moja ninaloweza kwenda kumuuliza kwa heshima. "Shikamoo dada, unawasha moto saa ngapi?"

Kama hakuna swali la kuuliza, basi nilichokiona hakinihusu. Nyumba yake, mume wake, rangi ya gari, hayo hayana swali. Lakini kama swali lipo, nakwenda. Mara nyingi wanajibu vizuri kuliko tunavyodhani. Wahenga wa bahari walisema vyaelea vimeundwa, na aliyeunda hupenda kuulizwa aliundaje.

Halafu jibu lake ndilo linakuwa jambo lako la kubadilisha wiki ijayo, kwa kipimo chako, kwenye daftari lako.

Kushindana na nafsi yako hakumaanishi kujitenga na wenzako, kwani wanaweza kukuvuta mbele. Chukua mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974. Filbert Bayi wetu alitoka mbele tangu mwanzo, hakungoja kuona wengine watakwendaje, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuja John Walker wa New Zealand kwa 3:32.5. Rekodi ya zamani, ya Jim Ryun wa Marekani tangu 1967, ilikuwa 3:33.1. Maana yake huyo wa pili naye aliivunja rekodi ya zamani ya dunia. Ukimtazama kwa nafasi, kashindwa. Ukimtazama kwa saa, alikuwa amekimbia kwa kasi kuliko mtu yeyote kabla ya siku ile. Mtu aliyesoma nafasi peke yake angelala na huzuni siku ambayo miguu yake ilifanya kazi kubwa vile.

Umefanikiwa ukiona: ukurasa wa nyuma una maswali mengi kuliko majina.

## Hatua ya 7: Siku ya kusoma

Mwisho wa wiki ya tano kaa na shahidi wako. Si lazima iwe sherehe. Sisi tulikaa barazani na kahawa ya tangawizi. Msomee nambari tano za kati kwa mpangilio. Zangu: 11, 9, 10, 7, 6.

Yeye aulize maswali matatu. Wiki gani ilikuwa ngumu? Ulibadilisha nini? Utaendelea na nini? Wewe ujibu kwa kutazama daftari. Usijibu kwa kumbukumbu, kwa maana kumbukumbu hupenda kujipendelea au kujionea, kutegemea umeamkaje.

Shangazi aliponisikiliza mpaka mwisho alinyamaza kidogo, akasema, "Mbona hii ya kumi umeisoma kwa sauti ndogo?" Ilikuwa kweli. Nikairudia.

## Panapokwama watu mara kwa mara

"Nimesahau siku nne." Acha nafasi nne wazi, endelea leo. Usizijaze kwa kukisia. Nafasi wazi ni ukweli. Nambari ya kukisia ni uongo utakaokusumbua wiki ya tano.

"Nambari haishuki tena." Ikikaa palepale wiki tatu mfululizo bila siku za nyota, umefika ukomo wa kipimo hicho kwa vifaa ulivyonavyo. Hapo chagua kitu kingine. Mimi baada ya vitumbua vilivyoharibika nilihamia dakika za kuchelewa kufungua.

"Nimeanza kujichukia kwa nambari zangu." Hili lichukue kwa uzito. Wapo ambao wakiacha kupigana na jirani wanahamishia fimbo kwao wenyewe. Dalili ni kufanya kazi hata mwili ukiwa unaumwa ili tu nambari isiharibike. Ukifika hapo funga daftari siku saba, mwambie shahidi wako, na uanze upya na lengo la kubaki ulipo, bila kuongeza. Kubaki ulipo katika kipindi kigumu ni kazi kubwa.

"Mume wangu ananicheka nikiandika." Mpe kazi ya kuhesabu vilivyoharibika. Wangu sasa huuliza mwenyewe jioni kabla sijavua aproni.

"Nikiishinda nafsi yangu lakini jirani bado ana zaidi?" Huenda atakuwa na zaidi mpaka mwisho. Alianza na mtaji mwingine, mwanawe ni baharia, nyumba yake iko njia panda ya Mgandini. Wewe fungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho, uziweke kando kwa kando, kisha umwoneshe anayekuja kujifunza kwako. Mwezi uliopita nilimpa binti mmoja daftari langu la kwanza alisome kabla hajashika upawa. Alifika kwenye ile siku ya 22, akainua macho. "Hata wewe, dada?" Nikampa kalamu yenye uzi, akaandika tarehe.